Vidole Vitatu Ukutani

Muuguzi aliyenipima juma lililopita ni binti mdogo mwenye sauti ya upole, na alipouliza hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ameshanipandisha mizani, ameshanibonyeza miguu kwa kidole gumba na kulitazama shimo likikataa kujaa, kisha akachukua kalamu akasema, "Babu, usiku unalalia mito mingapi?" Nikacheka. Nilicheka mpaka pumzi, ambayo siku hizi si nyingi, ikaniishia, nikashika ukingo wa meza nikikohoa. Yeye akanimiminia maji, kisha akakumbuka kwamba nimepunguziwa maji ya kunywa, akayarudisha. "Mmoja," nikamjibu nilipoweza kusema. Akaandika mmoja. Nilimtazama alivyoinama juu ya karatasi, ameniamini moja kwa moja, nikajiona mimi mwenyewe miaka arubaini iliyopita, nimeshika kalamu ukumbini mwa Bi Rukia, mjini Malindi, nikiandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Sina haja ya kueleza wazee wangu walikuwa nani. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na niliweza kuandika tarakimu juu ya mstari bila kuzipindisha. Kwa sifa hizo tatu Bwana Mwangangi alinipa kazi. Mwangangi alikuwa tabibu wa zahanati ndogo nyuma ya soko, mtu wa Ukambani, mrefu, mlokole, aliyevaa soksi nene katika joto letu na hakuwahi kueleza kwa nini. Jambo lililomnyima raha ni wazee wa moyo. Mzee aliletwa akihema, miguu imejaa, moyo umechoka kusukuma damu na maji yameanza kutuama mwilini mpaka mapafuni. Mwangangi alimlaza, akampa kidonge cha kuutia moyo nguvu na kidonge cha mkojo, maji yakatoka, mzee akarudi kwake kwa miguu yake. Wiki tatu baadaye alirudishwa amebebwa. "Hapa anapona, nyumbani anaharibika," Mwangangi alisema. "Kwa hivyo ugonjwa iko nyumbani. Lazima mtu aende huko aangalie." Mtu huyo nikawa mimi.

Alininunulia daftari la jalada gumu, akanikabidhi na mizani ya kusimamia aliyoipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Wazee walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja nilitakiwa nimfikie mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla hajala. Nihesabu mapigo ya mkono, na yakiwa chini ya sitini kidonge cha moyo kisinywewe siku hiyo. Nimpime uzito, kwa sababu maji yakirudi mwilini mizani huyajua kabla ya miguu. Tena mtu asishike kitu akiwa juu ya mizani, wala kiti wala ukuta. Na niulize mito, kwa sababu mtu mwenye maji mapafuni hawezi kulala chali. Hujiinua mto juu ya mto mpaka analala ameketi. "Hii daftari ndiyo macho yangu," aliniambia. "Nitaongeza dawa ama nitapunguza kwa kuangalia hapa. Ukiandika mbaya, mimi ni kipofu." Alikuwa na mpango. Mwaka ukiisha angelichukua daftari hilo mpaka Kilifi, akawaonyeshe madaktari wa hospitali kubwa kwamba mzee wa moyo anaweza kutunzwa kwake, kitandani pake, bila kubebwa kila mwezi. Nami nikaanza kupita mitaani na mizani kwapani, watoto wakaniita Bwana Mizani, na jina likanikaa.

Bi Rukia alikuwa wa saba katika daftari na wa kwanza mjini. Kwa miaka mingi hapakuwa na arusi ya maana, kutoka Malindi mpaka Mambrui, ambayo pilau yake haikupita chini ya mwiko wake. Alikuwa mfupi, mpana, mjane wa miaka sabini na kitu, akiishi na mpwa wake Mwanaidi, ambaye naye alikuwa ameshatimiza hamsini na bado akiitwa "huyu mtoto". Nilipopiga hodi mara ya kwanza wote wawili walikuwa ukumbini, Mwanaidi akichambua mchele, Bi Rukia akimwonyesha mawe aliyoyaruka.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini hicho?"

"Mizani, Bibi. Nimetumwa na tabibu."

"Ya kupimia nini?"

"Ya kukupimia wewe."

Alimgeukia Mwanaidi. "Umeona? Nimeishi mpaka napimwa kama gunia la mbata." Lakini alipanda, akasimama wima, amejitanda leso, akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasi. Sitini na sita. Nikaandika. Kisha nikajikohoza, nikauliza swali la mito.

Mwanaidi aliacha kuchambua mchele.

"Mito yangu?" akasema Bi Rukia. "Tabibu yule ana mke?"

"Anaye. Yuko kwao."

"Basi akaulize mito ya mkewe. Tangu marehemu mume wangu aondoke, hakuna mwanamume aliyeniuliza habari za mto. Na huyu wa kwanza kuuliza, anatuma mtu."

Nilimweleza habari ya mapafu na maji mpaka jasho likanitoka. Akanionea huruma, akasema miwili. Kwa kuwa chumbani mwake nisingeweza kukanyaga, nikaandika miwili. Hata miguu sikumbonyeza mimi, Mwanaidi alimbonyeza nyuma ya pazia, akanijibu, "Kidogo tu." Kisha Bi Rukia akaamuru nipewe chai. Chai yake ilikuja na mahamri, mbaazi za nazi, na kipande cha mkate wa sinia uliotoka motoni. Huo ndio ukawa utaratibu wa mwaka mzima. Nilifika kabla yeye hajala, na niliondoka mimi nimeshakula.

Kuhusu chumvi, hakuna mgonjwa aliyetii kwa kishindo kama yeye. Siku alipoambiwa aiache, alilichukua kopo la chumvi, akalibeba mwenyewe nje mpaka kwa jirani, akamkabidhi mbele ya watu waliokuwa barazani, akasema, "Mwenzangu, hii na mimi tumeachana." Papa na ng'onda za chumvi zikatolewa nyumbani, achari ikafuata. Nilishuhudia kwa macho yangu akila mchuzi wa samaki usio na chumvi, uso umetulia kama mtu anayesikiliza hotuba ndefu. Na bado mwezi wa tatu uzito wake ulipanda mpaka sitini na tisa, na pumzi ikaanza kumkatikia kati ya neno na neno. Mwangangi akaamua kwenda mwenyewe, na mimi nyuma yake na mizani.

"Mama, unakula chumvi?"

"Sili."

"Hata kidogo?"

"Muulize jirani. Kopo liko kwake."

Mwangangi alizunguka ukumbi kwa macho. Ukutani palikuwa na miko mitatu imetundikwa, mirefu kuliko Mwanaidi. "Na kwa arusi?"

"Arusini mpishi haketi kula. Naonja tu."

"Sufuria ngapi?"

"Arusi ndogo? Kumi."

"Unaonja mara ngapi?"

"Supu kabla ya mchele. Mchele ukishaingia. Na kabla sijafunika." Alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa haki. "Na kachumbari."

"Mama, hiyo ni kula."

Bi Rukia alimtazama kwa masikitiko, kama mtu aliyemwona mgeni akiingia na viatu. "Mwanangu tabibu, mimi mwezi wa Ramadhani naonja futari mchana, na saumu yangu iko palepale. Kitu kisichoharibu saumu kitaharibu moyo?"

Mwangangi akanigeukia mimi, mtu wa dini hiyo na mji huo, nimsaidie. Nami nilikuwa nimeketi na hamri la pili mkononi. "Ni kweli, Bwana," nikasema. "Kwetu mpishi ameruhusiwa kuonja." Nilikuwa nasema kweli, na mpaka leo najua mahali nilipoikata. Sikuongeza kwamba mwenye saumu akionja hutema. Mwangangi aliligundua mwenyewe baadaye kwa kumuuliza muuza dawa, akarudi kesho yake akasema basi mama awe anatema. Bi Rukia akamuuliza kama kwao mpishi hutema pilau ya watu uani mwao, mbele ya mama wa bibi arusi, na kama mtu huyo huitwa tena mahali. Yakaisha kwa amri. Mwangangi alimwongezea kidonge cha mkojo, akamkataza arusi zote mpaka daftari lionyeshe sitini na sita mwezi mzima, bila kupanda hata nusu. Bi Rukia aliuketisha mwiko mmoja magotini akawa anaupangusa kwa upindo wa leso, ingawa haukuwa na vumbi.

Sasa niseme la kwangu. Miezi hiyo hiyo nilikuwa nimeposa kwa Mzee Badi, muuza nguo, mtu mwenye mabinti wanne, watatu wameshaolewa na wa mwisho ni Zuhura. Mzee Badi hakunisumbua kwa mahari. Sharti lake lilikuwa moja, na alilitoa huku akikuna kidevu kama jambo dogo. "Pilau iwe ya Bi Rukia. Dada zake wote amewapikia yeye. Huyu akipikiwa na mtu mwingine, watu watauliza ana kasoro gani." Nikamwambia hapana shida, nami ndiye mtu pekee mjini niliyejua kwa kilo na nusu kilo kwamba shida ilikuwapo.

Habari ilimfikia Bi Rukia kabla sijafika mimi. "Nasikia nakupikia," aliniambia asubuhi ile.

"Tabibu akiruhusu, Bibi."

"Tabibu husoma nini?"

"Daftari."

"Na daftari huandika nani?"

Niliiweka mizani chini karibu na ukuta, na sikumbuki kama niliiweka karibu na ukuta kwa bahati. Akapanda. Kisha, taratibu, bila kunitazama, akaweka vidole vitatu ukutani, kama mtu anayepapasa chokaa kuona imekauka. Mizani ikashuka mpaka sitini na sita. Nilijua kabisa kwamba nilikuwa nampima Bi Rukia pamoja na nyumba yake. Nikaandika sitini na sita, nikala mahamri matatu.

Vidole vile vilitufikisha wiki mbili. Baada ya hapo hata ukuta ulishindwa, mizani ikakataa kushuka chini ya sitini na tisa, na hapo nikaandika sitini na sita kwa mkono wangu mwenyewe, hapakuwa na chokaa ya kulaumu. Jumatatu moja mlango wa uani ulikuwa wazi, nikaona kamba ya nguo. Foronya tano, nyeupe, zenye tarizi nyekundu pembeni, zimetoka kufuliwa. "Mito, Bi Rukia?" nikauliza. "Miwili," akasema, akayafuata macho yangu mpaka kwenye kamba. "Zile nyingine za wageni." Nyumba ile haikuwa na mgeni zaidi yangu. Nikaandika miwili. Mwangangi alilifungua daftari pale zahanati akapitisha kidole katika safu ile iliyonyooka, akasema kwa furaha isiyokuwa na kelele, "Angalia huyu mama. Ameshika." Na kwa kuwa alikuwa tabibu mwangalifu, akaogopa kumkausha kupita kiasi, akaagiza kidonge cha mkojo kipunguzwe nusu. Vidonge hivyo nilivikata mimi kwa wembe, juu ya karatasi, mezani pangu. Akaruhusu na arusi, kwa ahadi kwamba mama hataonja. Ahadi niliipeleka mimi, na jibu nikalirudisha mimi. Amekubali, nikasema.

Siku ya arusi ilikuwa Ijumaa. Uani kwa Mzee Badi moto uliwashwa tangu alfajiri, sufuria kumi na mbili juu ya mafiga, na kutoka chumba nilichokuwa nikivishwa joho nilisikia sauti ya Bi Rukia ikiwaendesha wanawake. "Hilo si kaango, hilo ni bafu." "Nani amekata kitunguu hiki, fundi mbao?" Sauti ilikuwa ikikatika katikati, lakini niliamua kuisikia kuwa ni moshi. Asubuhi hiyo, nilikuja kuambiwa, hakumeza hata ile nusu ya kidonge, kwa kuwa kidonge kile humwita mtu chooni kila baada ya muda, na pilau haisubiri mpishi aliyekwenda chooni. Tukatoka msikitini, nikaozwa, tukarudi tukaketi kwenye sinia, mimi na Mzee Badi na wazee wawili wa mtaa. Kawa likafunuliwa. Ule mvuke siwezi kuusahau, wa bizari na mdalasini na nyama iliyoiva ikachoka. Nilikuwa nimeshanawa. Nilikuwa nimeshakusanya tonge, liko kati ya sinia na mdomo, Mwanaidi aliposimama kwenye mlango wa wanaume, mahali ambapo mwanamke hasimami.

"Bwana Mizani anatakiwa."

"Leo si Bwana Mizani," alisema Mzee Badi. "Leo bwana arusi."

"Basi bwana arusi anatakiwa. Bi Rukia anazama."

"Anazama wapi?" akauliza mzee mmoja.

"Kitini."

Nikarudisha tonge kwenye sinia. Nilikimbia barabara nzima mpaka zahanati nikiwa na joho, kilemba na jambia la kuazima likinigonga pajani, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema kwa utulivu, "Ameghairi," na mwingine akamjibu, "Mapema hivi?" Mwangangi alikuwa anakula githeri yake, mahindi na maharagwe. Alichukua mkoba. Kisha, nami nilimwona, akageuka akachukua na daftari.

Hivyo ndivyo nilivyoingia chumbani mwa Bi Rukia mara ya kwanza, nyumba ya tatu kutoka uani kwa Mzee Badi. Alikuwa ameketishwa kitini ameinama mbele, mikono magotini, midomo imebadilika rangi, akivuta hewa kama mtu anayekunywa kitu kizito kwa mrija. Alinukia iliki na moshi. Mwangangi akaweka kifaa cha kusikilizia mgongoni mwake, akasikiliza huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mapafu yanatoa sauti kama kitunguu kikikaangwa. Miguu ilikuwa imejaa, lakini wanawake wakamwambia amesimama tangu alfajiri. Akafungua daftari.

"Juzi, sitini na sita. Kabla ya hiyo, sitini na sita." Alikuwa anaongea na karatasi. "Kama maji ingekuwa imerudi, ningeiona hapa. Kwa hivyo si maji. Huyu amekauka kwa moto, na kifua imeshika kichomi." Akatoa chupa ya maji ya mshipa, akaitundika kwenye msumari wa chandarua, akaanza kutafuta mshipa wa mkono. "Nikimpiga sindano ya mkojo na mwili imekauka, nitamaliza figo. Nikimpa maji na kumbe yako mengi ndani, nitamzamisha. Lakini daftari inasema."

Hakuniuliza kama daftari lilikuwa la kweli. Angeniuliza ingekuwa rahisi, maana mtu akiulizwa huwa tayari ameshashukiwa nusu. Mlangoni walijaa shangazi zake Zuhura, na nyuma yao, nilikuja kujua, alikuwapo mama mkwe wangu wa saa moja. Bi Rukia aliinua macho akanitazama. Hakuweza kusema. Nadhani, na sitaki kujipendelea, kwamba alikuwa akiniomba nisiseme.

"Bwana," nikasema, "futa hapo. Andika sabini na mbili."

"Ya lini?"

"Ya juzi."

"Na ya Jumatatu?"

"Sabini na moja."

Sindano ya maji ilikuwa bado mkononi mwake. "Mito?"

Nikaonyesha kitandani. Ilikuwa mitano, imepangwa kama ngazi, na chini yake godoro dogo limekunjwa. Aliihesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha akaitungua ile chupa kwenye msumari, akailaza sakafuni kwa uangalifu mkubwa, akachukua dawa ya mkojo akaivuta kwenye bomba, akampiga Bi Rukia sindano ya mshipa. Alipomaliza akatutoa wanaume wote nje, yaani mimi, na yeye akaketi ukumbini nyuma ya pazia.

"Kila mara akienda haja ndogo," aliwaambia wanawake, "mnipimie ni kiasi gani."

Chombo kilichokuwa karibu kilikuwa jagi la sharubati ya arusi. Robo saa ikapita. Nikasikia Mwanaidi akinong'ona, nikasikia shangazi mmoja akisoma dua, kisha kimya, kisha ghafla vigelegele vikapasua nyumba. "Nusu jagi, tabibu," Mwanaidi akaita. Kitambo kidogo, vigelegele vingine. "Robo tatu." Waliingia katika kazi ile kwa moyo wote, wamekwisha kuvaa nguo za arusi na hawakuwa na bibi arusi wa kumshangilia. Mimi nilikuwa nje, nimesimama mlangoni na joho langu, na watu waliotoka kula walikuwa wakipita. Walivisikia vigelegele, wakaniona mimi, wakayaunganisha mambo kwa namna yao. "Hongera, bwana arusi," alisema mmoja, ameshika mkono wangu kwa mikono miwili. Mwingine aliuliza mbona niko nje. Cha sita kilipolia, mzee mmoja aliyekuwa na fimbo alisimama, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Zamani hatukuwa hivi."

Ilipokaribia alasiri majagi yalikuwa matatu na kitu. Na hapo, kutoka ndani, nyembamba lakini nzima, ikasikika sauti ya Bi Rukia. "Ile sufuria ya tatu, nani aliyeifunika? Aliifunika mapema." Mwangangi akainuka, akaosha mikono.

Tulitoka pamoja. Njiani akaniuliza, "Na wale wengine kumi?"

"Wale ni kweli, Bwana. Wallahi. Ni yeye tu."

"Nitajuaje?"

Nikakivua kile kilemba cha watu, nikakishika mkononi. Hakunifokea na hakunifukuza. Aliandika sabini na mbili kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake, na hakuandika tena katika daftari lile. Halikwenda Kilifi. Yeye alikwenda, mwaka uliofuata, alipopata kazi huko, na aliniachia mizani akisema ni nzito kubeba. Zahanati ikarudia desturi yake ya zamani, wazee wakawa wanaletwa wamebebwa, na wawili kati ya wale kumi waliokuwa wakweli kwangu, nami mkweli kwao, walifia njiani wakiletwa. Sijui kama daftari lingewaokoa. Hilo ndilo nililobaki nalo. Mtu mwingine mwenye kosa kama langu angalau anajua lilifika wapi, mimi sijui.

Fungate ilipokwisha Bi Rukia aliniita. Alikuwa juu ya kiti kilekile, mwembamba wa uso, amerudi sitini na saba bila ukuta.

"Ile pilau uliila?" akaniuliza.

"Sikuila."

"Hata tonge?"

"Hata tonge, Bibi. Niliporudi masinia yalikuwa yameoshwa."

Alicheka mpaka Mwanaidi akaja kumshika bega. "Basi umeshahukumiwa," akasema, "sina la kuongeza. Ila moja. Mimi nitapika nimeketi, na sitaonja. Ulimi utakuwa wako. Uliniandikia kilo za uongo kwa kuwa nilitaka. Chumvi hutaniongopea, hata nikitaka."

Na ikawa hivyo kwa miaka mitatu. Kila arusi nilisimama nyuma ya kiti chake uani, mwanamume peke yangu kati ya wanawake, wakinitania mpaka wakanichoka. Upawa ulinijia. "Sema." "Imepungua." "Kiasi gani?" "Konzi moja." Yeye hakuyasikiliza maneno, alitazama uso wangu, kisha akaamuru. Alikuwa akipanda mizani mwenyewe kila asubuhi, mikono imeshikana mbele, na mimi nikimwandikia katika daftari jipya ambalo hakuna tabibu aliyelisoma. Alikufa kitandani pake, si njiani. Mwanaidi alinionyesha chumba. Mito ilikuwa miwili, na niliihesabu.

Lakini mtu akikaa akapiga hesabu, sufuria kumi, mara tatu, na kachumbari, arusi baada ya arusi, na mimi sikutema hata mara moja. Tena baada yake niliitwa na wapishi wengine, nikaendelea miaka na miaka kwa sababu nilikuwa na jina. Daktari wa sasa ananiambia moyo wangu umechoshwa na shinikizo la damu, na shinikizo limelelewa na chumvi. Zuhura anasema kwa kifupi zaidi, kwamba moyo wangu umeliwa na arusi za watu.

Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya kliniki juma lile nilipotoka kwa yule muuguzi, ameshika bakora yangu. "Umemwambia mito mingapi?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Mmoja."

Hakuinua hata kichwa. "Foronya nafua mimi," akasema.

Nikageuka, polepole kama ninavyogeuka siku hizi, nikarudi ndani. Yule binti alikuwa bado na karatasi yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "futa hapo. Andika minne."

"Babu, mbona ulisema mmoja?"

"Niliogopa utanilaza. Ijumaa mjukuu wangu anaolewa."

Alinitazama, akafuta, akaandika minne, akatoka akaenda kumuuliza daktari, akarudi na nyongeza ya nusu kidonge. "Arusini utakwenda," akasema. "Ila pilau usile."

"Sili," nikamwahidi. "Nitaonja tu."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama mimi, kisha akautazama ukuta ulio kando ya mizani yake.

"Babu," akasema, "hebu panda tena. Na huo mkono uweke hapa mbele, niuone."